Wapenzi Wasiokufa Mwishoni

Katika riwaya ninazosoma kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, mapenzi mara nyingi huishia pabaya. Rosa wa Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, anajiua baada ya mchumba wake kumkataa. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, Maksuudi anamtaliki Tamima na nyumba nzima inasambaratika. Yasmin wa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi anaikimbia ndoa aliyoozwa akiwa binti mdogo. Navipenda vitabu hivi. Vilisema kweli kuhusu ubabe wa wanaume na unafiki wa jamii, na kweli hiyo ilistahili kusemwa.

Shida yangu ni nyingine. Nimelelewa na mama peke yake. Sijawahi kuishi na watu wawili wanaogombana usiku, kisha asubuhi wakanywa chai pamoja. Na sasa barua ya posa imefika nyumbani. Mama ameiweka kabatini, inasubiri jibu langu. Nilipotafuta vitabuni ndoa njema inavyokuwa siku isiyo na sherehe wala msiba, nilipata kurasa chache mno. Nikaamua kuiandika mwenyewe.

Wahusika wangu ni Neema, mwalimu, na mumewe Hamisi, fundi seremala wa Morogoro. Neema amepata uhamisho wa kwenda Tunduru. Sikutaka mchepuko, wala mama mkwe mkorofi. Nilitaka watu wanaopendana, na kila mmoja ana haki yake: mke ana kazi, mume ana karakana na wateja aliowatafuta kwa miaka.

Kishawishi kikubwa ni kumfanya Hamisi malaika: "Nenda mke wangu, nitakufuata popote." Msomaji hamwamini mtu wa namna hiyo, kwa sababu mapenzi yake hayamgharimu kitu. Kwa hiyo Hamisi wangu alisema, "Sitaki uende." Neema akajibu, "Najua. Lakini mimi nataka kwenda."

Nadhani siri iko hapo. Wapenzi wa hadithini hawawi wazuri kwa kutogombana. Wanakuwa wazuri pale kila mmoja anapoweza kutamka "sitaki" bila hofu. Neema hakuangalia mlango ulipo kabla ya kujibu. Hamisi alikasirika, akatoka, akapiga randa hadi giza likaingia. Lakini hakumnyang'anya simu, hakuwatukana wazazi wake, hakumkumbusha mahari. Kesho yake akauliza, "Unatakiwa kuripoti lini?" Hajakubali bado. Ila amesikia.

Kuandika ukurasa huo kumenifundisha nini cha kutazama kwa mtu wangu. Zamani ningehesabu zawadi na maneno matamu. Sasa nataka kujua anafanyaje akikatazwa jambo.

Jumamosi iliyopita nilimpigia simu aliyeleta posa. Nikamwambia nataka kusoma hadi shahada ya uzamivu kabla hatujapata mtoto. Alinyamaza muda mrefu, nikawa nasikia honi za bodaboda upande wake.

"Hilo linaniwia gumu," akasema. "Nipe siku mbili nifikiri, halafu tuongee."

Nikampa.