Kutoka Kifaransa Hadi kwa Mgonjwa

Nafundisha istilahi za tiba kwa wanafunzi wa uuguzi hapa Bujumbura. Nyumbani wanasema Kirundi, mitaani Buyenzi na Bwiza Kiswahili, darasani Kifaransa. Kiingereza nacho kimekuwa lugha rasmi tangu 2014. Lakini anatomia bado wanaisoma kwa Kifaransa, na hapo vijana wenye akili nzuri huanza kunyamaza.

Maneno marefu hayawasumbui sana. Anayejua kwamba "néphr" ni figo, "hépat" ni ini na "-ite" ni kuvimba kwa maradhi, huifungua "néphrite" bila kamusi. Balaa liko kwenye maneno pacha. "Uretère" ni mrija unaotoka figo kwenda kibofu. "Urètre" ni njia ya kutoka kibofu kwenda nje, na mpira wa mkojo hupita humo. Kwa hiyo nachora njia nzima ubaoni, kila mmoja aje aifuate kwa kidole huku akitaja.

Ninayoyaogopa hasa ni "hypo" (chini) na "hyper" (juu). Ukimchoma insulini mtu ambaye sukari yake tayari imeshuka, unaweza kumuua. Darasani kwangu hakuna ruhusa ya kusema "hypoglycémie" na kuishia hapo: taja namba uliyoisoma kwenye kipimo, kisha useme imeshuka au imepanda.

Hiyo ni nusu ya kazi. Mgonjwa aliyevuka mpaka wa Gatumba akitoka Uvira, Kongo, hatasema "épigastralgie", yaani maumivu ya sehemu ya juu ya tumbo. Atasema moyo unamchoma, na mkono wake uko kwenye chembe cha moyo. Mwanafunzi aliyesikia "moyo" tu ataandika ugonjwa wa moyo. Ndiyo maana nawaambia: mwombe akuonyeshe kwa mkono, muulize maumivu huja kabla ya kula au baada, kuandika kuwe mwisho.

Tunaigiza pia. Mmoja anakuwa mgonjwa, mwenzake muuguzi, na Kifaransa hakiruhusiwi mpaka wakati wa kujaza faili. Nimeona wanaoongoza kwa alama wakikwama hapo. "Tansiyo" naiacha, maana wagonjwa wanaielewa kuliko shinikizo la damu. Kigumu zaidi ni aibu. Kijana hajui amuulizeje mama wa umri wa mzazi wake habari za hedhi, basi anajificha nyuma ya Kifaransa, na mama anaitikia "ndiyo" kwa swali asilolielewa. Jibu hilo linaingia kwenye faili kama ukweli. Tunafanya mazoezi: "Shikamoo mama. Samahani, naomba kukuuliza habari za siku zako."

Nawaomba walimu wenzangu na watunzi wa mitihani ya uuguzi: acheni fasili za Kifaransa zibaki, lakini wekeni alama pia kwa mwanafunzi kumweleza mgonjwa ugonjwa wake kwa Kirundi au Kiswahili. Lisilotahiniwa, wanafunzi wetu hawalisomi.