Hiyo nyama ya chini ya sikio
Wasee, hiyo nyama laini chini ya sikio haina kazi. Ni ngozi na mafuta tu, gegedu hakuna, na hata bila hiyo ungesikia. Lakini Wakikuyu wa zamani waliitoboa, wanaume kwa wanawake, wakaipanua na vipande vya mti hadi ikaning'inia. Ilikuwa hatua ya kukua. Misheni zikakuja, ikaitwa ushenzi. Cucu ya buda wangu alikuwa anakunja zake juu ya sikio na kuficha na kitambaa tukienda kanisa hapa Thika. Aibu ya nyama yake mwenyewe, manze! Juzi nimetoboa langu moja, buda akaniuliza nimetoa wapi hiyo tabia. Nikamwambia, kwa cucu yako. Bado amenuna. Hereni iko.