Taa ya Mipira Isifunikwe

Magari mengi yanayopita katika njia za Goma yalianza kazi katika nchi nyingine, Japani au Ulaya, kisha yakavuka bahari mpaka Mombasa au Dar es Salaam na kupanda huku kwetu. Baadhi yake huja na vyombo ambavyo hakuna aliyetueleza kazi yake. Kimojawapo ni taa ndogo ya manjano mbele ya dereva, yenye sura ya mpira wa gurudumu uliokatwa, na alama ya mshangao katikati.

Jirani yangu, mama anayepeleka bidhaa na abiria Sake, aliifunika taa hiyo kwa plasta. Akaniambia, “Tumetia upepo mara nyingi, haizimiki. Ni kama mtoto anayelia bure.” Nikamjibu, “Mama, mtoto halii bure. Twende kwa fundi.”

Fundi alitueleza hivi. Katika magari ya namna hii, ndani ya kila gurudumu, nyuma ya vali tunapotilia upepo, mna chombo kidogo kiitwacho kihisi. Kina betri yake. Hupima upepo na kupeleka habari kwa mawimbi ya redio. Kila kihisi kina namba yake, kama vile kila mtu ana jina lake. Kompyuta ya gari hushika namba za magurudumu yake tu. Isingekuwa hivyo, gari lingeogopa pancha ya gari la jirani.

Taa nayo, katika magari mengi, ina lugha mbili. Ikiwaka bila kupepesa, upepo umepungua. Ikipepesa kama dakika moja tangu gari liwashwe, kisha ikatulia ikiwaka, chombo chenyewe kina kasoro. Ya mama ilikuwa ikipepesa. Kutia upepo kusingeiponya.

Basi fundi akauliza, “Magurudumu haya ni ya gari hili tangu mwanzo?” Mama akasema hapana, aliyanunua pamoja na rimu zake kutoka gari jingine. Hapo tukafahamu: vihisi vilikuwa vikiita, lakini kwa majina ambayo gari halikuyajua.

Kazi ilikwenda kwa utaratibu. Kwanza fundi alitia upepo kwa kipimo kilichoandikwa penye mlango wa dereva. Kisha akasogeza chombo cha mkononi karibu na kila vali, ili kihisi kiamke na kutaja namba yake. Vitatu viliitika, cha nne kilikuwa kimya, betri yake imekwisha. Betri hizi hudumu kama miaka 5 hadi 10, na kwa kawaida hubadilishwa kihisi kizima. Hapo yahitajiwa uangalifu: vihisi vya Japani na Marekani kwa kawaida hutumia mawimbi ya megahezi 315, vya Ulaya 433, na gari lililozoea haya halisikii yale. Mwishoni fundi aliunganisha chombo chake chini ya usukani, akaliandikia gari namba nne mpya. Baada ya mwendo mfupi taa ikazimika.

Magari mengine hujifunza yenyewe yakiendeshwa. Kitabu cha gari hueleza. Mengine hayana kihisi cha upepo ndani ya gurudumu. Huhesabu mizunguko tu, maana mpira uliopungua upepo huzunguka upesi kuliko wenzake. Hayo huwa na kitufe cha kubonyeza baada ya kutia upepo. Ukikibonyeza mipira ikiwa na njaa, umelifundisha gari kwamba njaa ndiyo shibe.

Je, hili ni jambo dogo? Nchini Marekani sheria ya mwaka 2000 ilidai vyombo hivi baada ya watu wengi kufa katika magari yaliyopinduka mipira ilipopasuka. Sisi twaishi juu ya mawe makali ya Nyiragongo, ambayo mwaka 2002 yalimiminika kama uji wa moto mpaka katikati ya mji. Mpira wenye upepo haba hujikunja, hupata moto, hupasuka. Na ndani ya gari wamo watoto wa watu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukibadili magurudumu, mwulize fundi kama gari limefundishwa majina mapya. Wala usiiachie taa kazi yote, maana mara nyingi huonya upepo ukiwa umekwisha kupungua karibu robo. Pima asubuhi, mipira ikiwa bado baridi, na mpira wa akiba usiusahau, kwa kuwa mara nyingi hauna kihisi. Mwenye chukudu hulitazama gurudumu lake la mti kabla ya kushuka mlima. Mwenye gari asishindwe naye.