Nyumba Moja, Python Mbili

Mama yangu ni Mmachame aliyeolewa Rombo. Watu wa Moshi mjini wakisikia hivyo huuliza, "Si wote Wachaga?" Ni kweli. Ila miaka ya mwanzo yeye na bibi walielewana kwa Kiswahili. Kimachame na Kirombo vyote huitwa Kichaga, lakini mlima una pande zake.

Hilo nililikumbuka nilipoifungua kompyuta ya marehemu kaka. Aliacha humo programu ndogo aliyowaandikia Mama na wenzake wa kikundi cha kahawa, ya kugawana mauzo. Ilikuwa ya Python 2.7, toleo lililoacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Mimi kwa ujuaji wangu nikalifuta, nikaweka Python 3. Programu ikagoma palepale: kaka aliandika print bila mabano, na Python 3 inayadai.

Nikaweka mabano, ikakubali. Nikajiona fundi.

Mama akaja na daftari lake. "Mwanangu, hesabu hii siyo ya kaka yako. Mfuko wa misiba uko wapi?"

Kaka alihesabu fedha kwa maelfu. Laki moja kwa watu saba ni 100 kugawanya kwa 7. Python 2 hujibu 14 na kuacha desimali. Elfu mbili zilizosalia kaka alizipeleka kwenye mfuko wa misiba. Python 3 hujibu 14.28 na kuendelea, basi hakuna kinachosalia. Mfuko ukasoma sufuri, na programu haikulalamika hata kidogo. Mfuko huohuo ndio uliotusaidia kununua jeneza la kaka.

Dawa ilikuwepo: kuandika // badala ya /. Lakini nilijiuliza, nikishika mstari huu leo na ule kesho, mkono wa kaka utabaki wapi?

Nikairudisha 2.7 kwenye folda yake, Python 3 ikabaki kwenye yake. Kila moja ina maktaba zake, na kila moja naiita kwa jina lake kamili: python2.7, au python3. Hazigusani. Ile ya zamani siiruhusu kwenda intaneti, maana haipati tena marekebisho ya usalama. Kazi zangu mpya nazifanya kwenye 3.

Nikaendesha programu ya kaka mbele ya Mama. Kumi na nne kwa kila mtu, mbili mfukoni.

Akafunga daftari. "Haya, huyo sasa ndiye yeye."