Joto la Jiko

Wenzangu wa Chama cha Kiswahili, sisi wa Kipsongo joto twalijua. Mama huchoma mahindi kando ya barabara ya kuingia Kitale mjini, na faida nyingi humezwa na makaa. Koroboi nayo yataka mafuta. Ndiyo maana tulipofika mada ya joto katika fizikia, nilikuwa na swali langu: mbona moto wote ule hautuwashii hata taa moja?

Mwalimu alitueleza kuwa joto peke yake halifanyi kazi. Sharti liwe na mahali pa baridi pa kukimbilia, nayo mashine ikae katikati ijichukulie fungu lake. Aliyeandika hayo ni Mfaransa, Sadi Carnot, mwaka 1824. Ndivyo mvuke wa ardhini unavyotoa umeme kule Olkaria, karibu na Naivasha, tangu 1981.

Lakini wacha niwaambie lililoniacha kinywa wazi. Mwaka 1959 Scovil na Schulz-DuBois walionyesha kuwa hata atomi yaweza kuwa injini ya joto! Upande wa moto huipandisha hadi ngazi ya tatu, upande wa baridi huishusha hadi ya pili, nayo ikianguka hadi ya kwanza hutoa maikrowevu, mawimbi yale ya rada na simu za mkononi. Siku hizi watafiti huunda atomi za bandia kwa saketi za alumini. Alumini, jamani, ile ile ya sufuria! Ikipoozwa kupita nyuzi -272 hivi, ukinzani wake wa umeme hutoweka kabisa. Humo hata huo unaoitwa upande wa moto ni baridi kuliko barafu ya Mlima Kenya. Kinachotakiwa ni tofauti tu.

Nilipomsimulia mama, aliuliza, "Na hiyo itachemsha chai?" La, nguvu yake ni ndogo mno. Itawafaa wenye kompyuta za kwantumu, wanaohitaji mawimbi hayo humo humo kwenye baridi.

Sisi tulijaribu la karibu. Tulisokota waya wa shaba na wa chuma, ncha moja motoni, nyingine kwenye maji baridi, tukaunganisha na galvanomita ya maabara. Taa haikuwaka, hatukuitarajia. Sindano ikasogea. Maji yalipopata moto ikaanza kurudi nyuma, tukakimbilia mtungini kuteka mengine.