Vipande vya Kanga

Mama hakuja kwenye arubaini ya mwanangu. Nilikuwa nimemtumia nauli wiki mbili kabla, nikampangia chumba, nikanunua na godoro jipya. Siku moja kabla ya shughuli akapiga simu: magoti yanamsumbua, hataweza kukaa kwenye basi. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 350, na foleni ya kuingia mjini juu yake. Nikamwambia sawa mama, ugua pole, nikakata simu, nikaenda kulia bafuni. Magoti hayohayo yalikuwa yanampeleka soko la Ngamiani kila asubuhi na kumrudisha na kikapu kichwani.

Sikumwambia kwamba na mimi nilikuwa na langu. Tangu nijifungue, nikicheka mkojo unatoka. Nikipiga chafya unatoka. Nilimweleza daktari mmoja siku nilipompeleka mtoto kliniki, naye hata hakuinua macho kwenye daftari lake. "Umejifungua kwa njia ya kawaida? Basi ndiyo hivyo, dada. Utazoea."

Sikuzoea. Nikafanya wanachofanya watu wa rika langu: nikaingia kwenye simu. Huko nikakuta mazoezi ya Kegel, yaliyoitwa kwa jina la daktari Mmarekani, Arnold Kegel, aliyeandika juu yake mwaka 1948. Unabana misuli ya sakafu ya nyonga, ile iliyotandazwa chini ya kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa kama machela, kisha unaachia. Nikabana kwenye daladala. Nikabana kwenye foleni ya benki. Nikabana nikinyonyesha, mara mia kwa siku, na siku nikiwa na hasira mara mia mbili. Baada ya wiki tano nilikuwa na maumivu ya nyonga yasiyonipa nafasi ya kukaa vizuri, tendo la ndoa lilikuwa adhabu, na sasa nikisikia tu maji ya bomba yanatiririka nakimbilia chooni. Nikahitimisha kwamba sina bidii ya kutosha.

Mtoto alipofikisha miezi sita nikaenda Tanga mwenyewe, nimebeba mtoto na kinyongo changu.

Siku ya pili, kabla hakujapambazuka vizuri, nilitoka uani kuanika nepi. Nyuma ya banda la kuku kulikuwa na kamba ambayo sikuwahi kuiona. Ilikuwa imeanikwa shuka, na chini ya shuka, vipande vya kanga kuukuu, vimekatwa sawasawa, vimekunjwa mara nne na kushonwa pembeni kwa mkono. Nilihesabu tisa. Mama ana miaka 54, na nilijua hedhi yake imekoma miaka mitatu iliyopita. Nilisimama pale na nepi mbichi za mwanangu mkononi, na habari ya basi ikanielea.

Jambo kama hili huwezi kumuuliza mama uso kwa uso. Nilimsubiri akae jikoni, mgongo kwangu, anageuza vitumbua.

"Mama, mimi nikicheka najikojolea."

Akageuza kitumbua kimoja, na cha pili. "Tangu lini?"

"Tangu nijifungue."

"Mimi tangu nimzae mdogo wako," akasema, bado anaangalia kikaango. "Ila kilikuwa kidogo. Miaka hii mitatu ndiyo kimenishinda."

Kisha akaanza kuniambia, na hakunyamaza hadi unga ukaisha. Kwamba Ramadhani mbili sasa haendi tarawehe msikitini, kwa sababu akiinuka kutoka sijida anahisi maji maji, naye anaogopa harufu kuliko anavyoogopa kitu chochote duniani. Mama mkubwa, ambaye pekee alijua, alimwambia mwenye udhuru kama huo ana ruhusa yake, anatawadha kwa kila sala na kuendelea kuswali. Hilo analijua. Tatizo halikuwa sheria. Kwamba kwenye harusi anakaa viti vya nyuma karibu na mlango, yeye aliyekuwa wa kwanza kuingia uwanjani ngoma ikilia. Kwamba usiku anaamka ameloa jasho, halafu hajui kama ni jasho tu. Kwamba akiwa na safari hanywi maji tangu jana yake. "Na lile basi likishaondoka haliombwi kusimama. Nimwambie nini kondakta, mbele ya watu? Mwanangu, nilitaka kuja. Nilifunga mpaka begi."

Ilibidi nitoke nje kidogo.

Ilinichukua siku nne kumshawishi twende hospitali. Alikubali nilipomwambia ninakwenda mimi, yeye anibebee mtoto tu. Tulielekezwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, binti mdogo aliyesomea Moshi, na nikaona mama anamtazama kwa mashaka ya mtu mzima anayetaka kuulizwa siri na mtoto. Binti akamwamkia kwanza, akafunga mlango, akavuta pazia. Akauliza mambo ambayo sisi wawili hatujawahi kuulizwa: tunakwenda chooni mara ngapi, tunakunywa nini, choo kigumu au laini, mkojo unatoka tukikohoa au tukiwa njiani kwenda chooni, tumezaa mara ngapi na vipi. Kisha akaeleza kwamba angetaka kupima misuli kwa kidole, na kwamba tunaweza kukataa, na hata tukikubali tunaweza kumsimamisha wakati wowote.

Mama alinyamaza kidogo. "Nimezaa watoto watano," akasema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nataka."

Akakubali.

Nilichokuwa sikijui ni hiki. Mama na mimi tulikuwa na lalamiko moja na miili miwili tofauti kabisa. Misuli yake ilikuwa imelegea. Uzazi uliianzia kazi, na baada ya hedhi kukoma homoni ya estrojeni imeshuka, tishu za huko zikawa nyembamba na kavu. Tena alipoambiwa abane alikuwa anasukuma chini, kama mtu anayejisaidia, pumzi kaizuia. Mimi misuli yangu haikuwa na shida ya kubana. Haikuwa inaachia. Wiki tano za kubana bila kupumzika zilikuwa zimeifanya ngumi. Msuli uliokunjwa muda wote huchoka, na chafya ikija hauna mahali pa kupanda.

Binti akatueleza kwa mfano wa kisima, nadhani kwa ajili ya mama. Mama ndoo yake ipo chini, inabidi ajifunze kuivuta taratibu, aishike juu, kisha aishushe bila kuitupa kamba. Mimi ndoo yangu imefungwa juu, na kazi yangu ni kujifunza kuishusha. Mazoezi yangu yote ya simu yalifutwa siku hiyo. Nikapewa kulala chali, magoti yamekunjwa, mkono tumboni, kuvuta pumzi mpaka tumbo na nyonga zifunguke. Dakika kumi, asubuhi na usiku. Nilijisikia mjinga, kulipia hospitali kufundishwa kupumua.

Mama akapewa yake: kubana kama anayezuia upepo usitoke, kuinua kwa ndani, bila kukaza makalio wala kuzuia pumzi. Aanze na sekunde tatu, apande polepole hadi kumi, mara nane, kisha mibano ya harakaharaka, na yote hayo mara tatu kwa siku. Abane kabla ya kukohoa, si baada. Ainuke kwenye kigoda bila kushika kitu, mara kumi, akitoa pumzi wakati wa kuinuka, na baada ya wiki kadhaa ashike dumu la maji kifuani, maana mifupa nayo hupungua nguvu kwa kasi hedhi ikishakoma na inahitaji kubebeshwa mzigo kidogo kidogo. Anywe maji, kwa sababu mkojo mzito huchokoza kibofu na ukavu huleta choo kigumu, na kusukuma choo kigumu hubomoa kinachojengwa. Apunguze chai ya rangi. Hilo la chai ndilo alilolipinga.

Njiani kurudi Makorora mama alikuwa kimya kwenye bajaji, kisha akaanza kucheka, mkono mdomoni.

"Haya mambo ya kubana si tulifundishwa na somo," akasema. "Nilipowekwa ndani. Tulikalishwa mkekani, tukafunzwa kubana na kuachia, kubana na kuachia, mpaka tukachoka."

"Kwa hiyo unayajua?"

"Nilifundishwa kwa ajili ya baba yako." Akageukia barabarani. "Alipofariki nikaona hayana kazi."

Sentensi hiyo sijui niiweke wapi hadi leo. Wasomi wa leo tunapenda kumcheka kungwi, au kumtukuza, inategemea tumeamkaje. Mwanamke yule alikuwa na ujuzi wa msuli ambao daktari wangu wa kliniki hakujishughulisha nao. Lakini alimkabidhi mama mwili wake kama mtu anayemkabidhi chombo cha kupakulia mwingine. Miaka yote ile mama alikuwa na dawa mojawapo, na hakujua kwamba ni yake.

Binti alisema tusitarajie kitu kabla ya miezi mitatu. Mama aliyafunga na sala: baada ya alfajiri, baada ya adhuhuri, baada ya isha, akiwa bado kwenye msala. Kuna wiki aliacha, alipokuwa na malaria. Mwezi wa pili akanipigia kusema hamna kitu, ni kupoteza muda. Mwezi wa nne hakulitaja, ila alisema mama mkubwa kamshonea dera la harusi na atalivaa bila la ndani jeusi. Bado akikohoa sana kinatoka kidogo. Vipande vya kanga vipo. Juzi aliniambia vimebaki vinne, vingine kafanyia matambara ya kushikia sufuria.

Mimi nilichelewa zaidi yake. Kubana nilijua. Kuachia kulinichukua karibu miezi mitano, na siku nikiwa na mawazo narudi nyuma.

Mwanangu alipotimiza mwaka mama alipanda basi la saa mbili asubuhi. Nilikaa na simu mkononi. Ikaita wakafika Segera.

"Shikamoo mama. Unaendeleaje?"

"Marahaba. Basi limesimama, watu wanashuka kununua machungwa."

"Na wewe umeshuka?"

"Nimeshuka, nimekwenda chooni, nimerudi. Kondakta nimemwambia anisubiri na kanisubiri." Kukawa na kelele za wachuuzi dirishani. "Kata simu, nataka kununua maji. Ya chupa kubwa."