Kabla ya Kununua Tuktuk Iliyotumika, Gusa Injini Kwanza

Kuna maneno ambayo dalali akiyasema tu, mimi natafuta viatu vyangu niondoke: "Hii ni kuweka mafuta na kwenda kazi." Kama ni kuweka mafuta tu, mbona mwenyewe haweki akaenda kazi? Tuktuk inayoingiza pesa kila siku haiuzwi kwa bei ya friji. Sisemi kila muuzaji ni mwongo. Watu huuza kwa sababu za kweli: mtoto anaingia sekondari, mtu amepata kazi Gulf, mzee amechoka mgongo. Ila bei ikiwa chini sana, sababu iko mahali, na kazi yako ni kuitafuta kabla hujatoa pesa.

Naandika haya kwa sababu mwezi uliopita nilikuwa nazunguka na kaka yangu kutafuta tuktuk. Amekuwa deiwaka miaka minne. Jioni lazima hesabu ya tajiri itoke kwanza, abiria wawepo wasiwepo, mvua inyeshe isinyeshe. Mama alipofikiwa na zamu yake ya chama akatoa 120,000. Kaka alikuwa na 80,000 zake. Jumla laki mbili, na ndani yake kuna miaka ya mama kuamka saa kumi usiku kukanda unga wa mahamri. Pesa kama hizo huendi nazo kwa dalali ukiangalia rangi na redio.

Ya kwanza tuliiona Mtongwe. 150,000. Inang'aa, viti vipya, taa za buluu chini. Kaka tayari alikuwa anacheka peke yake. Mimi nikaweka mkono kwenye injini, kule nyuma. Moto. Saa mbili asubuhi, na jamaa alikuwa ametuambia haijawashwa tangu jana.

Hilo kwangu ndilo la kwanza, na halihitaji ufundi wowote. Injini iliyochoka inasumbua kuwaka ikiwa baridi, na moshi wake mbaya hutoka ule muda wa mwanzo. Muuzaji mjanja anaipasha moto kabla hujafika. Kwa hivyo usimpigie simu ukiwa umeshapanda matatu. Muombe asiiwashe, na ukiikuta moto, kaa. Omba maji. Ongeeni habari za mpira. Subiri ipoe, saa nzima ikibidi.

Sisi tulisubiri. Ilipowashwa ikatoa moshi wa buluu. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili, yani ringi za pistoni zimesagika au sili za vali zimechoka. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, mara nyingi ni kabureta au filta, na hiyo si kesi kubwa. Mweupe kidogo asubuhi ni unyevu tu, usikukoseshe usingizi. Chomoa na kijiti cha oili uangalie: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na mvua za masika huku kwetu zimeshaogesha tuktuk nyingi.

Lakini kwa sisi watu wa pwani injini si ndiyo hofu kubwa. Injini inafunguliwa, inafungwa, spea ziko. Hofu ni kutu. Angalia grili za madirisha yetu hapa Shelly Beach, nyumba haijamaliza miaka mitano na chuma kinamenyuka kama ganda la kitunguu. Hewa ya chumvi ndiyo hiyo hiyo inayolala na tuktuk kila usiku. Inaanzia kusikoonekana: chini ya mkeka wa dereva, pale betri inapokaa, na pale springi za nyuma zinaposhikana na chasisi.

Tulikwenda na fundi mzee wa Timbwani. Kaka alimpa 1,000 na nauli, na hakuna elfu iliyofanya kazi kama ile. Mzee hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa na bisibisi na kisumaku kidogo alichokitoa kwenye spika mbovu. Kisumaku anakipitisha kwenye bodi: kikishika, ni chuma; kikianguka, chini ya rangi kuna fila. Ubavu mzima wa kushoto kilianguka. Kisha akainua mkeka, akagonga na mpini wa bisibisi, akageuza ncha akasukuma. Ikaingia. Polepole, bila nguvu. Muuzaji akasema, "Hapo ni kuchomelea tu, mzee." Mzee akamjibu, "Mwanangu, utachomelea nini na nini?"

Kaka alinyamaza. Mzee akakaa kwenye jiwe akahesabu kwa vidole: chasisi, pistoni na ringi zake, klachi, raba za shafti zilizopasuka na kutema grisi. Ikafika 58,000 bila siku za kukaa gereji. Bado 150,000 ni rahisi?

Klachi tuliigundua kwenye majaribio. Usikubali kuendeshwa peke yako kwenye lami tambarare. Pakia watu watatu, kwa sababu kazi yake ni hiyo, kisha tafuta mwinuko. Injini ikipiga kelele na gari haliendi, klachi inateleza. Bana breki ghafla uone kama inavuta upande mmoja. Geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, usikilize. Na mita ya kilomita usiiamini sana, kebo yake huchomolewa na mtoto. Ile ya Mtongwe ilisoma kilomita elfu 21 wakati pedeli ya breki ilikuwa imelika mpaka chuma kinang'aa.

Handbreki nayo. Sisi tunaovuka na feri hatujasahau Septemba 29, 2019, gari lilipoteleza kutoka MV Harambee likazama na mama na bintiye, likatolewa Oktoba 11. Tangu siku hiyo mama yangu hapandi chombo chochote feri bila kuuliza. Kwa hivyo tuktuk tuliisimamisha kwenye mteremko, handbreki juu, gia huru, tukaisukuma watu wawili. Ikisogea, toa hela kwenye bei au nenda nyumbani.

Makaratasi ndiyo yaliyomaliza ile ya kwanza kabisa. Logbook alikuwa na fotokopi, eti halisi iko kwa ndugu yake Malindi. Namba ya plate, KTW na zinazofuata, ndiyo unayoitumia kutafuta rekodi za NTSA kupitia eCitizen, na ukipata majibu unalinganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye rekodi. Majina yalitoka mawili: mtu tusiyemjua na kampuni ya mikopo. Yani tuktuk bado ina deni. Ukiinunua, siku moja wenye deni watakuja kuichukua stejini na abiria wako ndani, na risiti ya dalali haitakusaidia.

Ya pili tuliipata Shika Adabu. Sura mbaya, wallahi. Turubai limepauka, kiti kimeshonwa na uzi wa kamba ya uvuvi, rangi ya kijani ambayo hata kijani chenyewe kingeikataa. Lakini injini ilikuwa baridi, ikawaka mara ya pili, bila moshi. Kisumaku kilishika kila mahali. Bisibisi haikuingia. Muuzaji alituonyesha mwenyewe tairi mbili zilizolika na raba moja ya shafti inayotaka kupasuka, kabla hatujauliza. Alitaka 190,000, tukaachana kwa 178,000. Tairi na raba zikala 9,000, salio likaenda kwenye bima na uhamisho.

Pesa hatukumpa mkononi chini ya mwembe. Tulikwenda naye saiba, yeye akaanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, kaka akaukubali kwenye yake na kitambulisho na PIN ya KRA, na kiasi kikubwa kikatumwa hapo hapo, tumekaa benchi moja. Dalali alikuwa mlangoni anasubiri chake. Kaka akamuuliza kama ana rangi ya kijani iliyobaki.